Kopo lile lile, oil si ile: siku niliyokalia boneti Garissa

Fiiiiiiii.

Huo ndio mluzi wa turbo ya pikapu ya hooyo, mamangu, ikiingia Garissa asubuhi kutoka barabara ya Modogashe na madumu ya maziwa ya ngamia nyuma. Mpaka leo nikiusikia kwa gari la mtu nageuka.

Salaam wakuu, na mabibi wakuu pia kama mko humu. Huwa nasoma tu nyuzi zenu za magari nacheka peke yangu. Lakini leo mtu kauliza kama kampuni inaweza kubadilisha oil ndani ya kopo lile lile, mkamwambia anaota. Haoti. Yalinikuta mimi, na siongezi chumvi.

Ni miaka ya tisini, kuelekea mwisho. Nilikuwa msichana wa darasa la nane basi, niliishia hapo. Nilikuwa nauza kwenye duka la spea la Adeer Farah, yaani ami yangu, ndugu wa marehemu babangu.

Ndoto zangu zilikuwa nyingi kuliko spana za duka. Siku moja niwe na gereji yangu, imeandikwa jina langu kwa rangi ya pinki. Msicheke.

Hooyo na wenzake wanne walikuwa wameuza mbuzi wakanunua ile pikapu kwa pamoja. Gari likilala porini siku moja, maziwa yanaharibika. Injini ikifa kabisa, hakuna mbuzi wengine wa kuuza. Nataka mshike hapo.

Fundi aliyewatafutia gari alisema: turbo hii, kwa joto hili, msiitie oil ya kupima kutoka kwa pipa. Tieni synthetic, inayovumilia joto. Basi Adeer akawa analeta makopo ya buluu kutoka Nairobi. Bei ilikuwa ya kuumiza, lakini miaka miwili gari halikusumbua.

Sasa.

Katoni mpya ikaja. Kopo lile lile la buluu, picha ile ile ya gari la mashindano. Nikafungua moja, na kabla sijafikiri nimeshaweka pua.

Hapa niwaeleze kidogo. Wanawake wa maziwa kwetu hawapokei dumu bila kunusa. Kila dumu, kila asubuhi, hata kama limeletwa na dada yako wa tumbo moja. Likinuka tofauti na jana, linarudi. Hakuna kugombana. Mimi nimekulia hapo, pua ilienda yenyewe.

Harufu haikuwa ile. Nikamwaga kidogo kiganjani, ikakimbia mpaka kwenye kiwiko.

Nikatafuta kopo tupu la zamani, nikayageuza yote mawili nyuma. La zamani: 15W-50, fully synthetic. Jipya: 10W-40, na lile neno "fully", yaani kamili, halipo. Imebaki synthetic peke yake, kwa herufi ndogo.

Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini hamsini na arobaini nazijua. Na nilishasikia madereva wakisema namba ya mwisho ndiyo inaonyesha oil itabaki nzito kiasi gani injini ikichemka.

Nikamwambia Adeer. Alicheka mpaka kikoi kikalegea.

"Wallahi huyu mtoto ananusa oil kama maziwa! Utaichemsha pia uweke sukari?"

Nje barazani alikaa Kassim, dereva wa miraa, mtu wa maneno mengi. "Binti ya maziwa amekuwa injinia! Abaayo, dada yangu, lete mbili. Mimi sinywi, ni gari inakunywa."

Akachukua makopo yake mawili, akatuachia vumbi.

Mchana pikapu ikaletwa kubadilishwa oil. Adeer akaja na kopo jipya mkononi. Nikafunga boneti, nikakaa juu yake. Wakuu, boneti ya Garissa saa nane mchana! Niliungua.

"Shuka."

"Sishuki, Adeer."

"Hii gari ni yako au ya mama yako?"

"Ya mama yangu. Ndiyo maana sishuki."

Watu wakajaa. Nikaanza kulia, machozi yangu yako karibu. Lakini nililia nimekaa pale pale.

Hooyo akaitwa kutoka sokoni. Namba hakuuliza. Aliniita "hooyo", kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao.

"Hooyo, imebadilika au haijabadilika?"

"Imebadilika."

"Imekuwa mbaya?"

"Mbaya sijui. Najua si ile."

Akamgeukia shemeji yake. "Mimi dumu kama hiyo sipokei."

Ikaisha hapo. Pikapu ikarudi porini na oil yake ya zamani, imechoka, na mimi roho juu kila asubuhi.

Wiki iliyofuata akaja wakala wa Nairobi na lori, kijana wa tai. "Dada, ni ile ile, kampuni imeiboresha tu."

"Kama ni ile ile, namba imehama kwa nini?"

"Hiyo ni ya magari mapya."

"Sasa wewe umeona gari mpya hapa?"

Baraza zima likacheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Nikapanda lori lake nikapekua makopo moja moja. Nikapata moja la jina nisilolijua, la kahawia, baya kama dawa ya kupe. Nyuma: 15W-50, fully synthetic. Nikataka moja tu, la kujaribu. Adeer akanung'unika kwamba sura hiyo hakuna atakayeinunua, lakini akalipa.

Tukabadilisha oil, pikapu ikaenda nayo na kurudi siku nyingi. Kila ikirudi nachomoa stiki ya kupimia oil: kiwango pale pale, na taa ya oil haiwaki.

Siku hizo hizo Kassim akapita. Aliongea chini kabisa.

"Abaayo, taa yangu inacheza nikisimama, na oil inapungua. Iko ile ingine?"

Nilitaka sana kumcheka. Lakini gari lile ndilo lililolisha watoto wake, na uso wake ulikuwa umeanguka. Nikamuagizia.

Wakuu, sidhani kampuni ilimwibia mtu. Walibadilisha, wakaandika nyuma, wakijua nyuma hapasomwi. Pengine kwa gari jipya la Nairobi ilikuwa oil nzuri kabisa. Kwa turbo yetu, kwa joto letu, hapana. Na kusema hapana huombi ruhusa.

Soma nyuma ya kopo kila unaponunua, hata kama kopo hilo ni rafiki yako wa miaka kumi. Linganisha na kitabu cha gari. Nunua moja kabla ya katoni. Wakikucheka, wacha wacheke, injini ni yako.

Haya mafundi na wabishi, uwanja ni wenu. Nani mwingine alibadilishiwa oil kopo likabaki lile lile? Na anayetaka kuniambia nilikosea, aje na namba.

Ah, kidogo nisahau. Ijumaa ile Adeer alipokwenda kuswali, duka likabaki na mimi. Nikaburuta ngazi mpaka kwenye rafu ya mbele. Nikageuza kila kopo, la buluu na la kahawia, picha zikatazama ukuta na namba zikatazama barabara.