Mzambarau na Dishi la Wafula

Wenzangu mliokulia kijijini enzi za televisheni ya betri ya gari, nyinyi mtanielewa. Watoto wa siku hizi mtandao ukipotea dakika mbili wanalia kama wamefiwa. Sisi picha tuliitafuta juu ya mti, kwa magoti na viwiko.

Kwetu Naitiri, antena ilifungwa kwenye mzambarau ulio kando ya jikoni, mti ambao Mama aliupanda alipoolewa. Jumapili tukishatoka kanisani na kushiba ugali na mrenda, majirani walijaa sebuleni hadi wengine wakakalia magunia ya mahindi. Baba alikaa mbele ya kioo cha televisheni. Wafula, ndugu yangu mdogo, alisimama dirishani kupitisha maneno. Huko juu nilikuwa mimi, Nasimiyu, miguu peku, ulimi wa rangi ya zambarau, nikizungusha antena. "Rudi kidogo!" "Aa, umepitisha!" Halafu ngurumo ya Baba: "Hapo hapo! Usipumue!" Na kweli sikupumua. Mechi nyingi za utoto wangu nilizisikia kwa kelele tu, huku chungu wakinitembea mapajani.

Kukhu, mama yake Baba, alichukia sana. Ati msichana akikwea mti, mti utakoma kuzaa. Basi Wafula akajaribu mara moja, akaganda kwenye tawi la kwanza akilia, ikabidi ateremshwe kwa ngazi. Asije akawaficha hiyo. Ndipo Mama akafuta mikono kwenye leso, akamwambia mama mkwe wake mbele ya wageni wote: "Huu mti ni wangu. Acha mtoto apande." Siku hizo mke kujibu hivyo ilikuwa kutangaza vita. Nilimpenda Mama siku ile kuliko siku zote.

Sasa Mama hayupo, na mimi ndiye ninayetunza boma. Mwezi uliopita Wafula, ambaye siku hizi ni mkubwa wa ofisi Nairobi, alituma fundi kutoka Kitale na dishi la setilaiti, intaneti na televisheni pamoja, ili watoto wake wakubali kuja likizo. Kijana mpole tu, wa Kibomet, huko huko Kitale. Akainua simu kupima anga, akasema, "Mama, huu mti unaziba. Lazima uende." Kumbe msumeno wa petroli alikuwa nao tayari. Akanieleza kwamba setilaiti imekaa mahali pamoja huko juu, haisogei.

"Hata mti haujasogea," nikamwambia, "na ndio uliotangulia."

Nikampigia Wafula. "Dada, si ni mti tu, bana," akasema.

Mti tu! Nikakata simu. Nikavua viatu, nikafunga leso kiunoni, nikakwea. Nina miaka hamsini na minane na magoti yalilia, lakini mikono ilikumbuka kila tawi. "Haya, kata sasa," nikamwambia fundi.

Akakuna kichwa. Akazunguka boma zima na simu yake akitazama juu, mwishowe akasema paa la zizi la ng'ombe linaona anga vizuri, ila litataka waya mrefu. Waya! Mti wa Mama ulikuwa uanguke kwa sababu ya waya!

Nilibaki huko juu hadi alipomaliza, maana sikumwamini. Nikawa nakula zambarau. Ndiyo, Kukhu, mti umezaa, na haujawahi kuruka hata mwaka mmoja. Nikaiwaza sebule yetu ilivyokuwa ikijaa watu kwa ajili ya kioo kimoja kidogo. Leo kila mtoto anajifungia na chake, na hakuna anayehitaji mwenzake asimame dirishani. Hilo linaniuma, nasema wazi, na setilaiti haitalitibu.

Fundi akaunganisha simu yake na dishi, akampigia Wafula kwa video, kisha akanielekezea kioo huku juu. Nikamwona ndugu yangu, kichwa chenye mvi, mdomo wazi.

"Wafula!" nikaita kutoka matawini. "Picha inaonekana?"

Akasogeza uso karibu na simu.

"Hapo hapo, dada. Usipumue."