Mchanga wa Nyumba ya Mungu

Mchanga ukichimbwa asubuhi, kabla jua halijaupiga, hutoa harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Mto wetu, huku Yatta upande wa Kithimani, ni mdogo kiasi kwamba ramani nyingi haziutaji, na sehemu kubwa ya mwaka mgeni angeapa kuwa si mto bali ni barabara pana ya mchanga iliyosahauliwa katikati ya miti ya migunga. Sisi tulijua siri yake. Mama alikuwa akipiga magoti mahali palepale kwenye kona, akichota mchanga kwa mikono na kuutupa nyuma kama kuku anayepekua, hadi mikono inapotea mpaka kwenye viwiko. Kisha anatulia. Maji yanaanza kujikusanya polepole, meusi kwanza, halafu ya rangi ya chai, halafu safi hadi unaona uso wako. Tulichota kwa kibuyu kilichokatwa nusu, tukajaza mitungi, tukamtwika punda. "Mto haujakauka," Mama alipenda kusema. "Umejifunika blanketi tu."

Blanketi hilo ndilo lililotafutwa na watu wengi mwaka ule nilipokuwa darasa la sita. Nyumba zilikuwa zikiota Syokimau na Athi River kama uyoga baada ya mvua, na nyumba haijengwi bila mchanga. Malori yalikuja yakachota, yakarudi yakachota. Bandu bandu huisha gogo. Kule chini ya mto, vijiji viwili vilikuwa vimebaki na mwamba mtupu, na wanawake wa huko walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta maji. Mwenye malori alikuwa Bwana Kilonzo, mtu wa kwetu aliyefanikiwa, mnene wa sauti na mwepesi wa kucheka. Na mmoja wa madereva wake alikuwa Baba. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Baba akipita barabarani akiwa juu kabisa kwenye kiti cha lori, mkono mmoja nje ya dirisha, nilijiona binti wa mfalme. Karo yangu ilitoka kwenye lori lile, na hata viatu nilivyovaa kanisani.

Mwaka huohuo kanisa letu lilipata mchungaji mpya, kijana aliyetoka chuoni akiwa na suti moja na bidii ya watu kumi. Alitangaza kwamba msimu mzima angehubiri jambo moja tu: utakatifu wa Mungu. Kila Jumapili tulimsikia akieleza kwamba kitu kitakatifu ni kitu kilichotengwa, kwamba hata malaika hufunika nyuso zao mbele ya Mungu, kwamba mchungaji mmoja wa kondoo aliamriwa avue viatu mbele ya kichaka kilichowaka bila kuteketea. Baada ya mahubiri zikaja sheria. Watoto tusikimbie ndani ya kanisa. Tusitafune peremende. Tusiguse meza ya mbele. Nikaanza kumfikiria Mungu kama kile kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya meza ile, kisafi mno, na njia bora ya kukipenda ilikuwa kukaa nacho mbali nisije nikakichafua.

Nilimwambia Mama hivyo siku moja tukiwa mtoni. Mama alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa akina mama, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na hakuwahi kunijibu swali la Mungu kwa haraka. Alijaza mtungi kwanza, akaufunika.

"Huyo Mungu wako ni kitambaa," akasema. "Mchungaji alisema kichaka kiliwaka. Umewahi kuona moto ukichafuka?"

"Hapana."

"Basi. Kitambaa ndicho huogopa uchafu. Moto hauogopi. Usikae mbali naye, Mwende. Kaa karibu, lakini ukae ukijua ni moto."

Kanisa lenyewe wakati huo lilikuwa la mabati, na watu walikuwa wameongezeka hadi wengine wakawa wanasikiliza mahubiri nje juani. Tulikuwa tumeanza kujenga jengo la mawe kando yake. Kuta zilifika juu ya madirisha zikasimama hapo, kwa sababu kumwaga zege la juu kulihitaji mchanga mwingi, na michango ilikuwa imechoka. Nyasi zikaota juu ya kuta. Ndipo Jumapili moja Bwana Kilonzo akaja ibadani, na mwisho wa ibada akaomba nafasi ya kusema. Alisema moyo wake ulikuwa umeguswa na mahubiri ya utakatifu. Haifai nyumba ya Mungu kukaa bila paa. Angetoa mchanga wote wa kumalizia, bure, na saruji juu yake. Aliomba kitu kimoja tu: malori yake yaruhusiwe kupita katika shamba la kanisa, kwa maana hapo ndipo palikuwa na mteremko mzuri wa kufika mtoni, kwenye ile kona.

Watu walipiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Mzee mmoja alilia. Mkono mtupu haulambwi, na huu haukuwa mtupu. Katikati ya shangwe hiyo nikaona Mama anasimama, anakunja leso yake, anangoja kelele iishe.

"Mchungaji, niko na swali," akasema. "Umetufundisha kitu kitakatifu ni kile kimetengwa. Sasa huo mchanga wa kona, si ndio umeshika maji yetu? Ukitolewa, tutakunywa nini?"

Bwana Kilonzo hakukasirika. Alicheka kama mtu anayecheka na mtoto. "Mama Mwende, mchanga huletwa na mvua. Mimi sikuupanda, na wewe hukuupanda. Ni wa Mungu."

"Asante," Mama akasema. "Kama ni wa Mungu, tutamwibiaje halafu tumrudishie kama zawadi?"

Upande wa wanaume Baba aliinamisha kichwa, akaanza kuzungusha kofia yake mikononi. Nilijua, hata kwa akili ya mtoto, kwamba Mama alikuwa amemjibu mtu ambaye mkate wetu ulitoka mkononi mwake. Mchungaji akasema jambo hilo lingejadiliwa na wazee, tuombe tufunge ibada.

Nyumbani, Baba hakugusa chakula. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira yake ilikaa kwenye taya. "Umeniaibisha mbele ya mtu ananilisha," akasema.

"Anakuajiri," Mama akajibu, naye kwa upole. "Kulisha ni kazi ya mwingine. Usiwachanganye hao wawili, Baba Mwende."

Baba alitoka nje akakaa kwenye kijiwe cha kufulia hadi kuku walipoingia kulala. Hawakugombana tena. Lakini katikati ya wiki, kabla wazee wa kanisa hawajaketi, habari zikafika kwamba Bwana Kilonzo alikuwa ameamua kutosubiri. Asubuhi ya Alhamisi lori la kwanza lingeteremka mtoni, na dereva aliyeamriwa kuliteremsha alikuwa Baba.

Alhamisi ilikuwa siku ya ibada ya akina mama. Mama hakuhamasisha mtu kupigana wala kulaani. Alipitia nyumba hadi nyumba akisema neno moja tu, kwamba ibada ya wiki hii haitakuwa kanisani, itakuwa mtoni. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikwenda naye. Wanawake walifika na leso zao nyeupe kichwani kama kawaida, na walipofika ukingoni Mama akavua viatu. Mmoja akacheka, akauliza kama kule pia ni kanisani. "Hapa ndipo tunapewa maji kila siku na yule tunayemwita mtakatifu," Mama akasema. "Wewe ungeingia na viatu?" Basi wote wakavua, kandambili na raba na viatu vya Jumapili vikapangwa kwenye nyasi, na akina mama wakaingia kwenye mchanga miguu mitupu, wakaanza kuimba. Nilikuwa katikati yao. Mchanga ulikuwa baridi na ulinishika vidole, na kwa mara ya kwanza maishani nilihisi kwamba Mungu yuko karibu na sikuogopa kumchafua. Nilihisi tu kwamba nisimame wima.

Lori tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuja polepole likipita shamba la kanisa, vijana wa kupakia wakiwa wamesimama nyuma na machepe yao, likafika ukingoni, likasimama. Wimbo haukukatika. Baba alikaa nyuma ya usukani akitutazama kupitia kioo, na mimi nikamtazama yeye, na sikuweza kusoma uso wake. Mwishowe akazima injini. Akashuka. Akavua kofia, akasalimia kama mtu anayesalimia mlangoni mwa kanisa.

"Ibada inaisha saa ngapi?" akauliza.

"Leo haiishi," Mama akasema.

Vijana kule nyuma wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alitazama viatu vilivyopangwa kwenye nyasi, akatazama mashimo ya maji, akanitazama mimi. Kisha akageuka akawaambia vijana, kwa sauti ambayo kila mmoja wetu aliisikia, "Mimi siwezi kupitisha gari katikati ya kanisa." Akapanda, akalirudisha lori kinyumenyume mteremko wote ule, kazi ambayo madereva wengi wangeikataa, bila kugusa hata uzio wa kanisa. Mchana huo alimkabidhi Bwana Kilonzo ufunguo mkononi. Hakutafuta kazi ya lori tena.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama mbele bila karatasi. Alisema alikuwa amesoma mengi juu ya utakatifu, lakini alikuwa ameufungia ndani ya jengo, na wanawake wakamwonyesha ukitembea nje. Alisema Mungu hutenga kitu si ili kisiguswe na mtu, bali ili kifanye kazi ambayo Mungu amekipa, na mto ule ulitengwa kunywesha watu. Wazee waliikataa zawadi siku hiyohiyo, na njia ya shamba la kanisa ikafungwa. Wapo waliotuchukia. Wapo waliohama kanisa. Nyumbani kwetu tulikula mahindi na maharagwe mwaka mzima, karo ikalipwa kwa mbuzi, na Baba akaenda kufanya kibarua cha ujenzi Kithimani. Jumamosi, yeye na wanaume wachache walikuwa wakichimba mchanga mwekundu kutoka kwenye korongo lililokuwa likila shamba la kanisa, wakauchekecha, wakauosha, wakauchanganya na saruji, wakaumwaga juu ya kuta ndoo kwa ndoo, bila fundi wala mashine. Korongo likajengewa mawe ili lisiendelee. Paa lilichelewa sana, lakini lilifika.

Kisha mvua zikakataa, msimu mmoja na mwingine. Mito ya jirani iliyochotwa mchanga ilikuwa mifupa. Kona yetu iliendelea kutoa maji, kidogo lakini bila kukoma, na watu wakaja na punda kutoka mbali. Mama na wenzake waliweka utaratibu, kila nyumba na zamu yake. Siku moja kukaja mke wa Bwana Kilonzo na mitungi yake, kichwa chini. Kila mtu akamwangalia Mama. Wengine walitaka afukuzwe, na wengine, kwa sababu ya cheo chake, walikuwa tayari kumpisha mbele. Mama akaifuta mikono kwenye kanga. "Karibu, mama. Foleni inaanzia hapa," akasema, akamwonyesha mahali nyuma ya bibi mmoja mwenye punda. Zamu yake ilipofika, Mama mwenyewe alimsaidia kutwika.

Leo naishi Mavoko, na Jumapili nasali kwenye kanisa lenye sakafu ya vigae na vipaza sauti ambavyo hutikisa kifua. Tunaimba juu ya utakatifu wa Mungu hadi jasho linatoka, na nauimba kwa moyo wangu wote. Lakini mara nyingi nasikia ukifundishwa kama orodha ya nguo na mienendo, na sadaka inapofika mbele hakuna anayeuliza imetoka wapi. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nasema kwa sababu nimebahatika kuonyeshwa kipimo kingine, na walionionyesha ni mwanamke aliyeishia darasa la nne na mwanamume aliyerudisha ufunguo. Watu hujivunia wazazi walioacha majumba. Mimi najivunia yale ambayo wangu walikataa kuyajenga kwa mchanga usio wao.

Likizo ya Agosti iliyopita nilimpeleka binti yangu nyumbani. Amezaliwa na kukulia mjini, na macho yake yamezoea vitu vilivyopigwa rula. Baada ya ibada alisimama nje kando ya bibi yake, ambaye humwita Susu kwa Kikamba, akalikagua kanisa letu kutoka msingi hadi paa, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Susu, mbona hii ukuta imepinda?"

Mama, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, aliutazama ukuta kama anauona kwa mara ya kwanza.

"Imepinda, ndiyo," akasema. "Lakini hakuna mtu alilala na kiu kwa sababu yake."