Thawabu za Ufagio wa Mahfudha

Kwanza niseme: Mahfudha ni shoga yangu, na mwenye kumsema vibaya aanze na mimi. Mpishi hodari wa mahamri, mcheshi, ila mkono wake mwepesi mno. Mwaka wa tisini na tisa Gunga, muuza makaa, alimletea gunia: juu makaa, chini vumbi tupu. Kuulizwa, akacheka. Lo! Mahfudha alimtwanga mwiko wa kichwa, damu ikatoka, kesi ikafika kortini.

Sheria ya kutumikia jamii ilikuwa mpya. Hakimu akasema badala ya jela, atafagia na kupiga deki zahanati ya mtaani kila asubuhi, miezi miwili. Mahfudha alishukuru, lakini roho haikutulia. Binti yake Swafia alikuwa ameposwa na Riyadh, harusi Shaabani, na kwa kina Riyadh ni watu wa kujitazama sana. Akanishika mkono: "Shoga, wakijua, mwanangu ataachwa." Nikaapa kufunga mdomo, na wallahi niliufunga.

Basi akajitanda buibui, akavaa ninja, macho tu nje, akaenda kufagia. Haya! Mji wa Kale ni wa kujificha nyuma ya kitambaa? Kwetu twajuana kwa mwendo. Siku ya pili mtaa mzima ulijua ni yeye. Na kwa vile amejiziba uso, wakakata shauri kuwa ni nadhiri, maana kheri hufanywa kwa siri, na mama ana binti wa kuozwa. "Mashaallah, Mahfudha amekuwa mcha Mungu!" Wanawake wakaja na fagio zao kugawana thawabu. Aliyetangulia, ndoo mkononi, ni mamake Riyadh.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Zahanati iling'aa hata wagonjwa wakawa wavua viatu mlangoni. Lakini Sista Purity, msimamizi, hakufurahi. Akamwita Mahfudha kando, nami nipo. "Mama, adhabu ni yako. Ikifanywa na wengine siwezi kusema umeitumikia, na hakimu atakupeleka jela. Waambie waende."

Waambie nini? Utamfukuzaje mtu kwenye thawabu? Mahfudha alijaribu kuwabembeleza, wakazidi kusugua. Mwishowe akafunua uso, akasema kwa sauti: "Si nadhiri, jamani. Nimempasua mtu kichwa. Hiki ndicho kifungo changu."

Mamake Riyadh akatua ndoo, akamtazama juu mpaka chini.

"Na sisi watufichia nini?"

"Naliogopa mtamwacha Swafia."

"Astaghfirullah! Tulikuja kuposa binti, au tulikuja kuposa malaika? Kosa umelifanya, na umelisema mbele ya watu. Mimi ningejifia na ninja yangu." Wakaangua kicheko, yeye wa kwanza. Kisha akakunja uso. "Huyo mtu ukamtake radhi, leo hii, nami nitakufuata. Swafia ni wangu, sitaki maneno."

Akawageukia wenzake: "Wekeni fagio, leteni pembe za kugonga. Afagie mwenyewe, sisi tufanye mazoezi ya vugo, ngoma yetu ya harusi."

Sista Purity akauliza kama nyimbo hizo zitawasumbua wagonjwa. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Mahfudha akaokota ufagio wake. Akafagia peke yake, uso wazi, machozi yamtiririka, nasi barazani twamwimbia harusi ya mwanawe.