Mng'ao wa Jilali

Kila asubuhi, kabla hajafungua kufuli la karakana yake, Bihi Outaleb huangalia rafu ya mtu mwingine. Rafu hiyo iko ng'ambo ya kichochoro, hatua sita tu, na mwenyewe ni Jilali Amrani. Wote wawili hutengeneza mafumbo ya mbao, ya kufungua na kuunga tena, kwa mizizi ya arari, mti wenye madoa kama macho ya ndege ambao mafundi wa Essaouira huuchonga tangu enzi za babu zao. Wote walijifunza kwa fundi mmoja, kwenye benchi moja. Miaka thelathini na moja imepita, na mgeni akiingia kichochoroni hugeuza kichwa upande wa Jilali.

Kwa kuchonga, Bihi ndiye bingwa. Fumbo lake la vijiti sita hushikana bila gundi wala msumari, na ukikijua kijiti cha kuanzia, hufunguka kwa kidole kimoja. Jilali mwenyewe hukiri. Lakini mbao za Jilali zinang'aa. Si mng'ao wa vanishi unaokaa juu kama kioo. Ni mng'ao wa ndani, kama wa jiwe lililotolewa majini sasa hivi.

"Ana mafuta yake," Bihi humwambia mkewe, Yamna. "Amenificha."

"Mji mzima huu, akufiche wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Mwezi wa tisa alikuja Lalla Ghita, mwenye duka la vitu vya watoto huko Rabat. Alitaka mafumbo mia mbili, kutoka kwa fundi mmoja tu. Vanishi hakutaka hata kuisikia, kwa sababu watoto hutia kila kitu mdomoni. Alitaka mafuta ya mimea. Alimpa kila mmoja wiki tatu atengeneze fumbo moja la kumwonyesha.

Kuanzia siku hiyo Bihi hakuchunga mbao zake, alichunga mlango wa Jilali. Siku ya pili alimwona Rkia, mke wa Jilali, akiingia na chupa ya mafuta ya argani kutoka kijijini kwao. Bihi alisimama na patasi mkononi. Argani! Miaka yote hiyo jibu lilikuwa linapita mbele ya pua yake.

Hakwenda sokoni kununua. Alikwenda jikoni kwake.

"Baba Said, hayo ni ya amlu ya kifungua kinywa!" Yamna alipiga kelele. "Nimeyakaangia kokwa mwenyewe. Mkate tutauchovya kwenye nini, vumbi la msasa?"

"Mkate utasubiri."

"Na Jilali naye, anakusubiri wewe?"

Fumbo lilipopakwa lilikuwa zuri kupita kiasi. Bihi aliliweka dirishani makusudi, upande wa kuonekana ng'ambo. Siku ya tano lilikuwa bado linateleza mkononi. Siku ya kumi upepo wa baharini, ambao hapa hauna likizo, ulikuwa umelivalisha koti la vumbi. Mafuta ya argani ni chakula na dawa ya nywele, lakini juu ya mbao hayakauki. Na fumbo lilinuka kifungua kinywa.

Zilibaki siku kumi na moja. Bihi alichonga jipya. Safari hii alilipaka mafuta ya kitani, yale ya kawaida ambayo kila fundi hununua kwa Bouchaib kwenye kona. Alipaka mara moja tu, upande wa nje, basi. Likatoka limepauka kama kiwiko wakati wa baridi.

Siku yenyewe Lalla Ghita aliketi kwenye kigoda katikati ya kichochoro. Alianza na la Jilali, akalishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mashallah. Hili hata sitaki kulifungua."

Bihi alitazama viatu vyake.

Lakini Lalla Ghita alipojaribu kulifungua, halikufunguka. Jilali akasukuma, akagonga kwa goti, akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa amepaka hadi ndani ya mikato, tabaka juu ya tabaka, na mafuta yalipokauka yakaunganisha vijiti kama gundi. La Bihi lilifunguka mara ya kwanza.

"Kazi ni yako, Bwana Bihi," alisema Lalla Ghita. Kisha akaokota lile lililokwama. "Ila yote mia mbili yang'ae hivi. Yasipong'ae hivi, sichukui."

Bihi alikaa siku mbili bila kuvuka zile hatua sita. Siku ya tatu alivuka.

"Karibu, mshindi," Jilali alisema bila kuinuka. "Umekuja kunipa pole?"

"Nataka kujua unapaka nini."

Jilali alinyoosha mkono chini ya benchi akatoa kopo. Kitani. Kopo la Bouchaib.

"Usinifanye mtoto, Jilali. Na argani ya Rkia?"

"Anapaka nywele. Ulifikiri nini?" Alimtazama, akaelewa, akacheka mpaka akashika ubavu. "Uliipaka! Wallahi uliipaka!"

Alipomaliza kucheka alieleza. Matone machache. Unasugua kwa kiganja mpaka mbao ipate moto, unafuta yote kana kwamba umejuta, unangoja siku tatu. Mara sita. Bihi alisikiliza akitafuta kilichofichwa, na hakukipata. Kama kungekuwa na chupa ya siri angeweza kumchukia kwa raha.

"Wewe chonga, mimi nipake," Jilali alisema. "Jina litiwe lako, chini."

"Kwa nini unanipa jina?"

"Kwani nani hugeuza chini, ndugu yangu? Watu hutazama juu."

Bihi hakukubali. Alichukua moja ya mafumbo ya Jilali kwa kulinganishia, akaondoka.

Anasugua mwenyewe. Kiganja cha kulia kimeota sugu mahali ambapo patasi haijawahi kupagusa. Juzi alimaliza tabaka la sita la fumbo la kwanza, akaliweka mlangoni kwenye mwanga, kando ya lile la Jilali, akamwita mkewe.

"Lipi zuri zaidi? Sema kweli."

Yamna alifuta mikono kwenye aproni. Alitazama moja, akatazama la pili, akarudia la kwanza.

"Lako bado," alisema.

Bihi akalivuta kopo la kitani.