Kiwanja cha Nyuma

Juzi, kwa dalali wa viwanja hapa Bariadi, nilimkuta mzee aliyestaafu kiwanda chetu cha pamba kilipouzwa. Anataka kuhamia Lamadi, ziwani.

"Hiki kinatazama maji, baba," dalali alisema, akigonga ramani kwa kalamu.

Mzee akaisukuma ramani pembeni. "Majirani wa mtaa huo, nzengo hiyo, mtu akifiwa, wanabeba kuni wenyewe?"

"Hapo wamejenga wakubwa. Wanatuma mchango."

"Na huku nyuma?"

"Huko wavuvi, mzee. Dagaa wananuka! Kuni wanabeba wote, hata akifa mgeni."

Mzee akaweka kiganja mezani. "Andika huko."

Dalali alimwonea huruma. Mimi, mwenye kiwanja changu huko huko Lamadi kinachotazama maji, nilianza kuhesabu majirani wa huko ninaowajua kwa majina. Sikufika wawili.