Nilivyomfupisha Baba

Ilianza Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane na robo mchana, katika chumba cha mikutano cha maktaba iliyo nyuma ya jengo letu hapa ugenini, Etobicoke. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho ile ya ukutani, nikiomba mshale usogee. Baba alikuwa amesimama, amevua kofia, anaongea. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nasubiri zamu yangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mdogo wangu, anayefukua vitu vyangu, hawezi kukisoma. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na kusoma ndiyo kabisa. Kwa hiyo hapa naweza kusema ukweli, ingawa ukweli wenyewe haunipendezi.

Baba anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawavalisha, anawashika mkono wakienda chooni. Tulipofika tu kutoka kambi ya wakimbizi, hana hata sentensi moja ya Kiingereza, alipangiwa mzee mmoja mpenzi wa besiboli. Mzee alikuwa amepata kiharusi, maneno hayatoki. Baba naye maneno hana. Basi mzee akawa anamfundisha kwa kidole: anaonyesha kwenye televisheni, anapiga meza, anatikisa kichwa. Na kidole hicho kilimpenda mchezaji mmoja tu, yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira mikali ya chini hupita kama panya. Baba anamwita mlinzi wa katikati. Baadaye mzee alifariki, mchezaji akastaafu, na baba akabaki na besiboli yake peke yake nyumbani kwetu.

Mama mpaka leo hauelewi mchezo, kwa hiyo nitaueleza kama ninavyomweleza yeye. Mtu anapiga mpira kwa gongo. Mpira ukiwapita walinzi, anakimbia vituo, na akivimaliza vyote timu yake inapata pointi. Kazi ya mlinzi wa katikati ni kuhakikisha haupiti. Huyu wa baba alikuwa na mikono ya ajabu, lakini akishika gongo mwenyewe alikuwa wa kawaida, pengine chini ya kawaida. Ndiyo maana kila Januari, yanapotangazwa matokeo ya kura ya nani aingie kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli, watu wanabishana juu yake. Hawa wanasema anastahili. Wale wanasema ukumbi haukujengwa kwa ajili ya watu wanaojua kudaka tu.

Kikundi cha besiboli kinachokutana maktaba nacho kina kura yake. Wengi ni wastaafu wenye kofia za timu. Kura yao haiendi popote, matokeo yanabandikwa tu kwenye ubao wa matangazo mlangoni. Lakini baba aliichukulia kama kura ya kweli. Alikuwa amehudhuria vikao viwili akakaa karibu na mlango, kimya. Safari hii aliniambia, akiniita mama kama anavyoniita mimi bintiye, "Mama, twende wote. Mimi nitasema, wewe utatafsiri. Kama kwa daktari tu."

Mimi ndiye mdomo wa nyumba yetu tangu nina miaka tisa. Kwa daktari, kwa mwenye nyumba, hata shuleni, ambako nilimtafsiria baba malalamiko ya mwalimu kwamba mimi siongei darasani. Wiki nzima baba alifanya mazoezi ya hotuba yake akinyoa ndevu. Nilikuwa namsikia kupitia mlango wa bafu, anaanza, anasimama, anaanza tena.

Tulipoingia, nikamwona msichana wa darasa langu la hisabati, amekuja na babu yake. Alinipungia mkono. Ningependa kuandika kwamba alinicheka, ingekuwa rahisi zaidi. Hakunicheka. Alisogeza koti lake ili nipate pa kukaa.

Wazee walibishana saa nzima. Kisha mwenyekiti, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, akasema, "Na wewe, bwana wa pale mlangoni? Leo tutakusikia?"

Baba akasimama. Alisema hivi, na nayaandika yote kwa sababu nayakumbuka yote:

"Bon, sawa. Asanteni. Mimi kazi yangu ni kuangalia wazee wasianguke. Mzee akianguka, kuna karatasi. Tunaandika ni saa ngapi, ni wapi, nani alikuwa zamu. Asipoanguka, hakuna karatasi. Mwaka mzima mzee hajaanguka, na ukiitafuta kazi yangu kwenye faili, huioni. Sasa nyinyi mnasema huyu mtu namba zake ni ndogo. Namba zinahesabu kilichotokea. Yeye kazi yake ilikuwa kisitokee. Najua, mipira aliyodaka wanaihesabu. Lakini wale walioogopa kupiga upande wake, wakaupeleka mpira kwingine, hao nani aliwaandika? Mzee wangu alinionyesha: mpira haujapigwa, yeye ameshaanza kusogea. Mtu wa namna hiyo mkimwacha nje, basi ukumbi wenu ni wa watu wenye kelele tu. Samahani kusema."

Akanigeukia. Chumba kizima kikanigeukia.

Ukweli ni huu: maneno ya Kiingereza nilikuwa nayo. Yote. Hakuna hata neno moja lililonishinda. Lakini hotuba ilianza na wazee na kuanguka, na nilijua lazima mtu atauliza anafanya nini hasa huko, na msichana wa hisabati angejua kwamba baba yangu anaogesha watu wazima kwa mikono yake. Nikaangalia meza, nikasema kwa Kiingereza:

"Anasema alikuwa mchezaji mzuri sana, na anastahili."

Mwenyekiti akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Babu wa yule msichana akacheka. "Mzuri! Hata mke wangu alikuwa mzuri, na hakuna aliyemjengea ukumbi!" Wote wakaangua kicheko. Msichana akamwambia, "Babu, jamani." Baba alitabasamu, lile tabasamu lake la siku wanapombadilishia zamu bila kumwuliza. Akakaa. Akaivaa kofia yake, ndani ya chumba chenye joto.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa baba ulitangulia kupanda na ulichelewa kushuka. Wa "hapana" walikuwa wengi. Mwenyekiti alipokuwa anaandika matokeo alisema, bila ubaya wowote, kwamba upande wa "ndiyo" leo haukuleta sababu.

Tulirudi kwa miguu. Theluji ilikuwa imechanganyika na chumvi, inakula viatu. Nilitegemea atagomba. Nilitaka agombe. Tulipofika kwenye taa za barabarani akasema:

"Mimi nimeongea dakika tatu. Wewe umeongea mara moja tu, umemaliza. Kweli Kiingereza ni lugha ya watu wenye haraka."

"Baba, nilifupisha."

"Najua, mama. Kusema ndiyo sijui. Kusikia nasikia."

Sikuwa nimefikiria hilo. Yaani alikuwa amesimama pale, anasikia kila nilichoacha, na akakaa kimya ili asiniaibishe mbele za watu. Mtu wa kuaibishwa nilikuwa mimi, na yeye ndiye aliyenilinda.

Taa ikawa ya kijani. Hatukuvuka.

"Kwa daktari pia unafupisha?"

"Hapana! Baba, hapana."

"Sawa."

Na ni kweli, kwa daktari sijawahi kupunguza hata neno, hata yale ya aibu, hata lile la mama ambalo nililisema nimefumba macho. Lakini alivyosema ile "sawa" niliona kwamba anaamua kuniamini, kama mtu anavyoamua kupita juu ya barafu. Daktari wa mama akiongea haraka, baba hawezi kumfuata. Hana njia nyingine ya kujua. Ana mimi tu.

Nyumbani mama aliuliza, "Ilikuwaje huko kwenye mpira wenu?"

"Vizuri," baba akasema, anavua viatu. "Mtoto alitafsiri."

Nikaenda chumbani nikajifanya naumwa kichwa. Mama aliniletea chai na hata hiyo sikuweza kuinywa, nilijiona kama naiiba.

Nimejiuliza pia kama mimi mwenyewe naona mchezaji yule anastahili. Sijui. Wale wazee wanaujua mchezo kuliko mimi, na babu wa msichana alikuwa na hoja zake kabla ya ule utani. Labda hata wangesikia yote wangesema hapana. Ila wangekuwa wamemkataa baba. Sasa walilikataa lile tu nililotunga mimi, baba hawajamsikia.

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka baba bado yupo, anakunywa uji wake amesimama, tayari kwa zamu. Nikamwambia nataka kumpigia simu mwenyekiti, namba yake ipo kwenye tangazo la kikundi. Nikaomba ruhusa niseme maneno yake. Aliniangalia. "Yote?" Nikasema yote. "Hata ya kuogesha watu?" Nikamwambia hilo hakulisema jana. Akafikiri, akasema, "Basi liongeze. Ni kweli." Akaondoka.

Mimi simu naichukia. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, nimeandika kila kitu kwenye daftari kwa Kiingereza, na kabla ya kwenda kanisani nikapiga. Ikapokea mashine. Nilisema mimi ndiye mkalimani wa jana, kwamba baba yangu alileta sababu na mimi ndiye niliyeziacha, na kwamba alisema hivi. Nikaanza kusoma. Mashine ikanikata katikati. Nikapiga tena, nikaendelea pale pale ilipokatia, kwa wazee ambao hawakuanguka, mpaka mwisho, pamoja na ile samahani yake.