Nilivyomlainisha bibi kwa smudge mpaka mama akamkataa

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Mimi ni wa Quionga, kaskazini mwa Palma, huku Msumbiji. Miaka ile gesi imegundulika na wageni wamejaa mjini, nikapata kazi kwenye reprografia, duka la kuchapa makaratasi. Computer ipo, programu ya kuchora ipo. Jamani, nilichizika! Wenzangu wanakula mchana, mimi nachora.

Nikajifunza blending, kuchanganya rangi usione zimekutana wapi. Halafu smudge, unasugua kama kwa kidole. Kila uso niliougusa ulitoka laini kama yai. Nikajiona fundi.

Sasa, mama yangu alifiwa na mama yake zamani. Picha iliyobaki ni ile ya bilhete tu, kitambulisho, ndogo na inafutika. Mama akawa analalamika kwamba sura ya bibi imeanza kumponyoka. Mimi na sifa zangu nikamwahidi namrudisha.

Wiki nzima nasmudge. Mashavu, paji la uso, kila kitu. Nikachapa, nikampelekea nyumbani.

Akaitazama weee.

"Umechora vizuri, mwanangu. Ila mama simwoni."

Wakuu, nikamuuliza kasoro iko wapi.

Kumbe siku ya ile picha ya bilhete bibi aliambiwa anawe uso kwanza. Mama amemzoea na msiro, ule mti wanaousaga wanawake wetu kwenye jiwe, wakajipaka uji wake mweupe usoni. Nikaona kazi rahisi. Layer nyeupe, yaani tabaka la rangi juu ya picha, smudge, mwanga wa kumetameta mashavuni, tayari!

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza tangu lini msiro unang'aa, au nimempaka bibi samli.

Jumapili akasaga wa kwake, akajipaka, akakaa mlangoni jua likimpiga upande mmoja. Akaniambia nitazame vizuri, nisiwe na haraka.

Nikatazama. Loo! Msiro ukikauka haung'ai hata kidogo. Unapasuka penye mikunjo ya kucheka. Unaishia ghafla kwenye taya, mstari unaonekana kabisa. Kinachong'aa ni shingo! Na vyote hivyo mimi nilikuwa navisugua vipotee.

Nikarudi kazini mbio. Usoni nikazima smudge kabisa, nikatumia brush ngumu, ile inayoacha kingo kali. Blending nikaiachia shingo na kivuli. Mwanga mmoja tu, kutoka kushoto. Nikaanza kuona mtu anatokea.

Nilipompelekea, mama akaipokea kwa mikono miwili. Akavuta kanga, akajifunika kichwa vizuri, kama mtu aliyetembelewa na mkubwa wake.

"Huyo," akasema. "Hapo anataka kunigombeza."

Akalia, akacheka, akalia tena. Mimi nikatoka uani nikaruka kama mwehu, majirani wakadhani nimeajiriwa kwenye gesi!

Nilichojifunza ni kwamba smudge ni tamu, ila usisugue kitu ambacho hujakitazama kwa macho yako. Mimi nilikuwa namfuta bibi nikidhani nampendezesha.

Wachoraji humu ndani, nani mwingine ameshamfuta mtu kwa ufundi? Na anayejua kuchora unga mkavu juu ya ngozi bila kuutoa kama chokaa ya ukutani, tafadhali amwage maujuzi. Mama mdogo naye anataka achorwe, ameshaanza kusaga msiro wake.